Huduma ya malalamiko ya IPOA, Nairobi: mlango uko wazi, lakini kesi hujengwa kabla hujaufikia

Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, au IPOA kama kila mtu anavyoiita, ndiyo ofisi iliyoundwa kisheria kupokea lalamiko la mwandamanaji aliyepigwa risasi au kuvunjwa mkono kwa rungu, na la familia iliyompoteza mtu wake mikononi mwa polisi. Makao yake makuu yako ACK Garden Annex, 1st Ngong Avenue, mwendo mfupi wa miguu kutoka eneo la Community. Hakuna ada. Unaweza kwenda mwenyewe, kupiga simu ya bure 1559, kuandika barua au kujaza fomu mtandaoni. Asiyejua kuandika anasimulia, na maneno yake yanaandikwa. Sheria ya IPOA ya 2011 inakubali lalamiko la mdomo.

Kwa upande wa kufikika tunaisifu. Shida iko kwingine. IPOA inachunguza na kupendekeza, haishtaki. Faili likikamilika hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na faili lisilo na kitu ndani haliwezi kusimama kortini hata kama mtaa mzima unamjua aliyefyatua. Kesi nyingi huamuliwa na karatasi na vitu ambavyo mlalamishi anavyo, au hana, siku anapobisha hodi. Kwa hiyo tathmini hii itakaa zaidi kwenye saa zinazotangulia lalamiko kuliko kwenye kaunta ya ofisi yenyewe. Alama zetu: nyota tatu kati ya tano, na sababu za kukatwa zile mbili zinafuata.

Kabla ya kupanda matatu, hakikisha unayemlalamikia ni polisi. IPOA inashughulikia Huduma ya Taifa ya Polisi peke yake: polisi wa kawaida, kikosi cha GSU cha kutuliza ghasia kikiwemo, polisi wa utawala, na wapelelezi wa DCI. Askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, hawamo. Wanajeshi pia hawamo, na hilo si jambo la nadharia, kwa sababu jeshi liliitwa kusaidia polisi tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge wakipinga Mswada wa Fedha. Hao peleka kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR. Kama hujui alikuwa nani, usibahatishe. Andika ulichokiona: rangi ya sare, bereti au kofia ya chuma, ngao, aina ya bunduki, namba ya gari la serikali (GK), alishuka upande gani na akaelekea wapi. Neno "polisi" peke yake halimsaidii mpelelezi. "Alikuwa na kombati ya kijani, bunduki ndefu, amesimama mbele ya duka la tatu kutoka kona" linamsaidia sana.

Saa za kwanza

Uhai kwanza, na hapa tuseme wazi, maana kuna dhana mbaya imeenea, kwamba risasi ya mguuni haiui. Tarehe 9 Julai 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi mguuni. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu anaweza kuishiwa damu kwa dakika chache tu. Rex Masai, aliyeuawa katikati ya Nairobi tarehe 20 Juni 2024, alipigwa risasi pajani. Hakuna risasi ya "kujeruhi tu." Anayetoka damu kwa wingi mguuni au mkononi afungwe kitambaa kipana, si kamba nyembamba, upana wa vidole vitatu hivi, sentimita tano hadi nane juu ya jeraha, upande wa moyo, na si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Ingiza kijiti imara na ukizungushe mpaka damu isimame. Andika saa kwenye paji la uso wake au mkononi kwa kalamu. Usilegeze njiani ili "damu ipite". Hilo ndilo kosa linaloua watu waliokuwa wamekwisha kuokolewa.

Nguo zikikatwa hospitalini, ziombe. Usizifue. Masizi ya baruti kwenye kitambaa husaidia kueleza risasi ilifyatuliwa kwa umbali gani, na maji yakipita tu yamekwisha. Zianike kivulini zikauke, kisha kila kipande ukitie kwenye bahasha yake ya kaki. Mfuko wa plastiki unaozesha damu. Juu ya bahasha andika jina, tarehe, saa, na nani aliyempa nani. Kila mkono unaopokea utie sahihi.

Risasi iliyotolewa mwilini ni jambo zito zaidi. Muombe daktari aishike kwa koleo lenye ncha laini, kwa kuwa chuma kikikwaruza risasi kinaongeza mistari mipya juu ya ile iliyochorwa na mtutu. Iwekwe kwenye kikopo, ifungwe, iandikwe jina la mgonjwa na sehemu ya mwili ilikotoka, na isainiwe. Itajwe pia kwenye faili la matibabu. Risasi isiyotajwa kwenye faili hata wakili mchanga ataing'oa kortini.

Kisha OB. Kitabu cha matukio kinapatikana kituo chochote cha polisi, na hulazimiki kwenda kile cha askari unayemshuku. Familia nyingi hukosea hapa kwa hofu au kwa kutojua: wanaenda kituo kile kile, wanakutana na uso ule ule, wanarudi nyumbani mikono mitupu. Nenda na mtu wa pili, na sema kwa heshima lakini kwa ukamilifu: "Afande, naomba kuandikisha kwamba nimepigwa risasi barabara fulani, saa fulani, na mtu aliyevaa sare ya polisi. Naomba unisomee ulivyoandika, kisha unipe namba." Sikiliza anavyosoma. "Amejeruhiwa na kitu kisichojulikana" ndiyo sentensi inayoua kesi, na inaandikwa kwa sekunde tano. Namba ya OB hubeba tarehe yake ndani: 47/25/06/2025 maana yake ni tukio la 47 la siku hiyo. Ukipewa namba isiyo na tarehe, bado hujapewa namba.

Fomu ya P3, ripoti rasmi ya jeraha inayotumika kortini, ni ya bure. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi, ya pili na daktari. Ukiipokea angalia mambo matatu kabla ya kuondoka kwa daktari. Umri wa jeraha umeandikwa? Kifaa kinachodhaniwa kusababisha kimeandikwa? Kiwango cha madhara kimechaguliwa kati ya madhara ya kawaida, madhara makubwa na ulemavu? Kikwazo cha kawaida ni P3 inayosema "jeraha la paja, linapona." Hiyo si ripoti. Daktari anapaswa kueleza tundu la kuingilia na la kutokea, ukubwa wa kila moja, na urefu kutoka kisiginoni. Ukiwa na hati ya kuruhusiwa kutoka hospitali na picha ya eksirei, fungasha pamoja na nakala ya P3, na nakala nyingine ikae kwa mtu usiyeishi naye nyumba moja.

Kwa aliyefariki, usikubali mazishi ya haraka. Familia ina haki ya kuwa na daktari wake wa upasuaji wa maiti akishuhudia, na shirika la IMLU limekuwa likisaidia wasio na uwezo kwa miaka mingi. Fomu inayojazwa ni 23A. Omba eksirei ya mwili mzima ifanywe kabla ya kisu, maana kipande cha risasi hujificha mbali na tundu lake.

Ganda, video na rula ya shilingi ishirini

Maganda ya risasi yaliyobaki barabarani husema mengi kuliko watu wanavyodhani. Weka rula kando ya ganda kabla hujaligusa na upige picha kwa juu, kisha picha nyingine kwa mbali ionyeshe jengo au nguzo iliyo karibu. Ganda la AK-47 lina urefu wa karibu milimita 39. La G3 ni 51. La bastola ya milimita 9 ni 19 tu. Rula ya dukani imekwishatenganisha bunduki tatu. Ukilitazama ganda la G3 kwa karibu utaona mistari ya masizi inayoshuka ubavuni mwake kama nyuzi, kwa sababu chumba cha risasi cha bunduki hiyo kimechongwa mifereji. Kwenye kitako kuna herufi na tarakimu za kiwanda, na katikati kibonyeo cha pini. Kibonyeo hicho na alama za kitoaji, kile chuma kinachovuta ganda nje, ndivyo mtaalamu hulinganisha na bunduki moja mahususi, kwa hiyo usilisugue, usilitie mfukoni pamoja na funguo, usilipitishe mkono kwa mkono kwenye kikundi. Liinue kwa kijiti kilichoingizwa mdomoni mwake, litie kwenye bahasha, likabidhi IPOA kwa maandishi haraka iwezekanavyo. Risasi ambayo haijalipuka usiiguse kabisa. Kuwa na risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, na hakuna atakayeamini kwamba ulikuwa unahifadhi ushahidi.

Kopo la vitoa machozi lipigwe picha pande zote, hasa palipoandikwa namba ya bechi na tarehe.

Video ndiyo watu wengi wanayo, na ndiyo inayoharibiwa na watu wengi. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na taarifa zake za ndani zinapotea: saa, kifaa, wakati mwingine mahali. Itume kama faili, au ipeleke kwa kebo. Simu iliyorekodi isifutwe wala isiuzwe, kwani chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi video hufuatana na cheti kinachosainiwa na mwenye kifaa, akieleza kilivyorekodi na kwamba kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Mtu asiyejulikana aliyeweka video mtandaoni hawezi kutia sahihi hiyo. Ukimjua, mtafute leo. Na usikate video ibaki zile sekunde za mlio. Dakika mbili zilizotangulia ndizo zinazoonyesha kama onyo lilitolewa na kama kulikuwa na hatari yoyote kwa uhai wa mtu.

Kwa nini onyo? Kwa sababu Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linataka njia zisizo za nguvu zitangulie, linafunga bunduki kwa hali kama kuokoa maisha, na linamtaka askari atoe onyo la wazi na kuwapa watu muda wa kulitii, isipokuwa kama kusubiri kungehatarisha uhai. Jedwali hilo hilo linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria, na kwamba askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana. Agosti 2024 Mahakama Kuu iliamuru polisi wanaopelekwa kwenye maandamano wasifiche utambulisho wao. Kwa hiyo askari aliyefunika uso na kung'oa namba ni lalamiko linalojitegemea. Liandike kama kosa la pili kwenye fomu, hata kama hujui jina lake. Mkuu wake anajulikana, na ndiye aliyempanga.

Notisi, na suala la silaha

Nakala ya notisi ya maandamano ni sehemu ya faili la IPOA, ingawa wengi huiacha nyumbani. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma kinataka mwandalizi amjulishe mkuu wa kituo cha eneo husika siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla. Barua iwe na majina kamili na anwani ya mahali anapoishi mwandalizi, tarehe, saa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mahali au njia itakayopitwa. Taja barabara moja baada ya nyingine. "Katikati ya jiji" haitoshi. Hii si ombi la kibali, na barua isianze na "tunaomba ruhusa," maana ukishaomba umempa mkuu wa kituo (OCS) mamlaka ambayo sheria haikumpa. Sababu anayoweza kutoa ya kukataa ni kwamba kuna mkutano mwingine ulioarifiwa mapema kwa mahali hapo, siku hiyo na saa hiyo. Rejista ya notisi ni ya umma, kwa hiyo akidai hivyo muombe akuonyeshe. Akikataa kugonga muhuri, andika saa, jina na namba ya aliyeipokea, na utume nakala nyingine kwa njia inayoacha alama. Utetezi wa kwanza wa polisi huwa "mkutano haramu", na karatasi hii ndiyo jibu lake. Hata hivyo, kukosa notisi hakufuti Jedwali la Sita, na asiyekuwa na notisi asiogope kulalamika.

Kuhusu bunduki za raia, mjadala wa Marekani usituchanganye. Kule haki ya kumiliki silaha imo kwenye Katiba tangu 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa ni ya mtu binafsi. Kwa hiyo kuna majimbo ambako mwandamanaji anaweza kusimama kihalali na bunduki begani, na polisi lazima wapime hatari bila kumhesabu kuwa mhalifu kwa sababu ya bunduki tu. Kenya haina haki hiyo. Bunduki hapa ni leseni inayotolewa na Bodi ya Leseni za Silaha na inayoweza kuondolewa. Desemba 2018 serikali iliwarudisha wamiliki wote kwenye ukaguzi upya. Ibara ya 37 ya Katiba inalinda kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inafanya kubeba silaha kwenye mkutano wa hadhara kuwa kosa. Mwenye leseni anayetaka kuandamana aiache bastola yake kwenye kabati la chuma. Akiibeba, amewavunjia ulinzi waliosimama kando yake.

Lakini sheria hiyo ina ncha mbili, na hapa ndipo tunapokasirika. Tarehe 17 Juni 2025 wanaume wenye viboko na marungu waliwashambulia waandamanaji katikati ya Nairobi mchana kweupe. Kifungu kinachokataza silaha kinawahusu hao kabla ya kumhusu yeyote mwenye bendera na chupa ya maji. Polisi waliosimama wakitazama wanaweza kulalamikiwa IPOA kwa kutotenda. Andika mahali polisi walipokuwa, umbali, na muda waliokaa bila kuingilia.

Nyota mbili zilikopotelea

Ya kwanza ni utegemezi. Maabara ya Taifa inayolinganisha risasi na bunduki iko makao makuu ya DCI, barabara ya Kiambu, ndani ya huduma ile ile inayochunguzwa. Rejista ya silaha, inayoonyesha nani alichukua bunduki ipi, na risasi ngapi, na alirudisha ngapi, inakaa ghalani kituoni. Risasi 20 zilizotoka na 17 zilizorudi ni ushahidi mkubwa kuliko mashahidi kumi, mradi ukurasa haujaandikwa upya. IPOA ina mamlaka ya kuidai, ila kila siku inayopita ni siku ya kalamu.

Ya pili ni muda. Mtoto Samantha Pendo alikufa Kisumu mwaka 2017 baada ya kupigwa na polisi. Uchunguzi wa mahakama ulitoa matokeo 2019, mashtaka yakaidhinishwa 2022. Huo ni mwendo wa kesi iliyojulikana nchi nzima. Isiyojulikana haiendi haraka zaidi.

Na kuna usalama wa mlalamishi. Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao, na mteja huyo alikuwa bodaboda aliyelalamika IPOA kwamba polisi alimpiga risasi. Hukumu ya hatia ilikuja 2022. Ukipokea vitisho, hata simu isiyosema kitu, mwambie afisa wa faili siku hiyo hiyo na uombe upelekwe kwa Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi. Usiende mahakamani wala kituoni peke yako, na usizoee njia moja ya kurudi nyumbani.

Ukishapewa namba ya lalamiko, andika barua kila baada ya siku 30, ukurasa mmoja, yenye namba hiyo juu. Uliza maswali yale yale. Je, mkuu wa kituo aliijulisha IPOA kuhusu jeraha au kifo hiki kama sheria inavyomtaka, na tarehe gani? Nakala ya rejista ya silaha ya siku ile imechukuliwa? Risasi na maganda yako kwa nani sasa, na nani alitia sahihi kuyapokea? Mashahidi niliowataja wameandikisha taarifa? Wakiamua kutochunguza, dai uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu, kwani wakili wa kwenda Mahakama Kuu ataanzia kwenye barua hiyo. Kila barua ipelekwe nakala mbili, moja igongwe muhuri, urudi nayo nyumbani.